Mwalimu wa Testi na Kazi ya Beji

Katika mtaa wetu wa Kimanga, hapa Uvira, watu wengi hutembea ili wafike mahali. Yeye alitembea ili aone. Mikono nyuma, kiganja kimoja ndani ya kingine, kichwa kimeinama kidogo upande, na hatua zisizo na sauti kwa sababu chini ya viatu vyake alikuwa amebandika mpira wa baiskeli. Uko nyuma ya ukuta unakula muwa usio wako, unageuka, na yeye huyo hapo. Anauangalia muwa, anakuangalia wewe, kisha anaendelea na safari yake. Unautupa mwenyewe.

Tulimwita Mwalimu, na mgeni akiuliza mwalimu wa nini, tulimwongezea: wa testi. Hakuwahi kufundisha shuleni. Jina lake la kweli nadhani alilijua padri aliyembatiza, na mke wake siku akiwa amekasirika.

Kwetu kazi ya maana haianzi na kazi. Inaanza na tangazo lililobandikwa ukutani, halafu dosye, yaani barua na vyeti vyako, halafu testi. Shirika linatafuta mtunza ghala mmoja, wenye diploma wanajaza ukumbi wa parokia mpaka wengine wanaandikia magotini. Na maswali hayagusi ghala hata kidogo. Namba gani inafuata hizi? Umbo gani halifanani na mengine? Soma habari hii fupi, useme kama sentensi iliyo chini yake ni kweli, si kweli, au haijulikani. Huku saa inakimbia. Ukianguka hapo, hakuna atakayekuuliza kama unajua kuhesabu magunia.

Yeye alijuaje mambo hayo? Kwa macho. Kila shirika lililokuja Uvira kuajiri lilihitaji mtu wa kusimamia ukumbi ili watu wasiibiane majibu, na paroko alisema kila mara: mwiteni yule anayetembea. Walimlipa ya siku moja, wakamshukuru, wakaondoka. Hakuna aliyemwambia, na wewe kaa uandike. Basi alipita kati ya madawati, mstari kwa mstari, akisoma juu ya mabega ya watu namna wanavyokosea. Majibu hayakumfaa kitu, maana maswali yalibadilika kila mara. Alichobeba ni makosa. “Karatasi walizikusanya zote,” alituambia siku moja akijivuna, “lakini macho yangu walisahau kuyakusanya.”

Darasa lake lilikuwa chini ya mabati upande wa pili wa ukuta wetu, na meza zake zilikuwa milango ya zamani iliyolazwa juu ya matofali. Mlango mmoja ulikuwa bado na kitasa, na aliyekaa hapo aliumia kiwiko muda wote. Ukuta wetu ni mfupi. Minye, yaani mimi mwenyewe, nilipanda juu ya debe nikahudhuria masomo yote bila kuandikishwa.

Waliokuja hawakuwa watoto. Walikuwa wauguzi, wahasibu, baba mmoja mwenye mvi na watoto wakubwa kuliko mimi, na agronomu, yaani bwana shamba, kutoka Bwegera aliyefika kwa baiskeli akiwa bado na tope la mpunga kwenye vifundo vya miguu. Watu wazima hao walitetemeka mbele ya pembetatu na duara kama sisi tunavyotetemeka mbele ya prefe, yule mkuu wa shule. Sikuwahi kufurahi hivyo maishani.

Jambo lililomtofautisha na walimu wote niliowahi kuwaudhi ni kelele. Mwalimu wa shuleni anaomba kimya. Yeye aliomba fujo. Alisema ukumbi wa testi hauna kimya: kuna mtoto analia nje, kuna pikipiki, kuna kwaya inafanya mazoezi chumba cha pili, kwa hiyo anayejifunza kwa kimya atashindwa kwa kelele. Hivyo asubuhi ya hesabu alikuja mpaka kwetu, akasimama mlangoni kwa heshima zote.

“Mama, leo tuko na testi ya hesabu. Utatwanga sombe saa ngapi?”

“Sombe tulishakula jana, Mwalimu, ata jani moja ya muhogo haiko,” mama akajibu.

“Basi twanga ata kinu ya bure. Ya nguvu, tafazali.”

Na mama, ambaye baba akiomba maji anaambiwa mtungi hauko mbali, alitwanga kinu kitupu mpaka wale wahasibu wakamaliza kutafuta namba zao. Alisema ni msaada kwa vijana wa taifa. Mimi niliajiriwa kumkasirisha mbuzi wetu apige kelele. Ni kazi pekee ambayo sikuhitaji kujiandaa.

Wakati wao wanahangaika, yeye anatembea. Akifika nyuma yako anasimama. Hakugusi, hakwambii umekosea, anapumua tu kwa pua. Wanafunzi walijifunza kusoma pumzi hizo. Pumzi fupi, uko sawa. Pumzi ndefu, futa. Nilizijua vizuri sana, nikaenda kuzifanya darasani kwetu nyuma ya rafiki yangu katikati ya mtihani wa jiografia, mikono nyuma na kichwa upande, darasa zima likacheka, na nikamaliza jiografia yangu nje ya mlango.

Alikuwa na maneno yake pia. “Soma swali lililo hapa, usisome lile uliloliogopa jana usiku.” “Ile ngumu iache, haitakimbia.” Na kuhusu chakula, hasa wale dagaa wetu: “Asubuhi ya testi usile ndagala. Ndagala wanataka maji, maji yanataka choo, na choo kiko mbali na dawati.” Hili la mwisho baba yangu alilichukua kama tusi kwa ziwa lote la Tanganyika.

Lakini somo lililowaua wote lilikuwa lile la haijulikani. Siku moja aliwasomea habari ya mistari mitatu: Safi anauza samaki sokoni kila Jumamosi. Leo ni Jumamosi. Safi hayuko sokoni. Halafu akawapa sentensi: Safi ni mgonjwa. Kweli, si kweli, au haijulikani?

“Kweli,” akasema muuguzi haraka.

“Si kweli,” akasema agronomu. “Huyo iko mu kilio. Kama angekuwa mugonjwa, angetuma mutoto auze.”

“Kilio ya nani?” akauliza baba mwenye mvi, na uso wake ulikuwa na wasiwasi wa kweli.

“Aligombana na bwana yake,” akaamua dada yangu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita Yaya na ambaye wakati huo alikuwa ameshashindwa testi nyingi mpaka ameacha kutuambia akienda. “Minye najua. Mwanamuke hawezi kukosa soko ya Jumamosi bure bure, Mwalimu!”

“Andiko limesema wapi kama waligombana?”

“Haliwezi kusema! Nani anaandikaka mambo ya nyumba ya watu?”

Mwalimu akashika kichwa. “Haijulikani! Jibu ni haijulikani! Sababu iko, lakini haiko mu karatasi!”

Walimtazama kwa huruma. Mtu gani anamwacha jirani bila kujua amepatwa na nini? Mama, aliyekuwa anatwanga, alisimamisha mchi akauliza kutoka kwetu kama huyo Safi ni wa Kimanga au wa wapi, maana kama ni kilio tujiandae. Mwalimu alituambia baadaye kwamba hapo ndipo watu wa Uvira wanapoangukia: wanawajua binadamu kupita kiasi. Shirika linauliza juu ya Safi wa karatasi, wao wanajibu juu ya Safi wa mtaani. Aliwalazimisha kusema “haijulikani” kwa sauti moja, kama sala, mpaka midomo ikazoea. Wiki hiyo Kimanga yote iliambukizwa. Nilipoulizwa nyumbani nani amemaliza sukari, nilijibu kwa elimu yangu mpya, nikapigwa kwa elimu ya zamani.

Usidhani alikuwa mtu wa kufuata anachofundisha. Kulikuwa na swali jingine linalopendwa na mashirika: umemwona mwenzako wa kazi akichukua mafuta ya gari la shirika, utafanya nini? Wanafunzi wote waliandika kwamba watamwita pembeni, watamwonya, akikataa watamwita mjomba wake. Mwalimu aliwafokea: andika utatoa taarifa kwa mkuu wako, basi! Lakini yeye mwenyewe, kwa jinsi mtaa mzima ulivyojua, hakuwahi kumtolea mtu taarifa ukumbini. Aliyenakili alimkuta tu kando yake, amesimama, anapumua, mpaka jamaa anaitoa karatasi kwenye soksi kwa mkono wake na kuimeza. Yaya alimuuliza mbona basi anawafundisha kingine. Akasema, “Minye nawafundisha kupata kazi. Kuishi na batu, mulishafundishwa na mama zenu.”

Sasa nifike kwenye beji, maana ndiyo iliyomsumbua.

Hapa kwetu mtu mwenye kazi ya shirika hutambulika kwa kile kidude cha plastiki kinachoning'inia shingoni. Anakivaa ofisini, anakivaa sokoni, anakivaa kwenye komunyo. Nina jirani aliyekivaa kwenye picha ya harusi yake, juu ya tai. Mwalimu aliwatengeneza watu wengi wa beji, na wakipita kumsalimia aliishika ile plastiki kwa vidole viwili, akaigeuza, akasoma nyuma, akairudisha kifuani kwa mwenyewe taratibu. Shingo yake yeye ilikuwa na kola tu.

Mke wake alichoka na kola. Alikuwa mwanamke wa Makobola, mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulioko katikati ya maji. Hakumpigia kelele. Alifunga sufuria zake akarudi kwao, kwenye mihogo na samaki, na mtaa mzima ulisikia alichosema pale mlangoni:

“Kila siku unasimamia batu bakiingia kazini, na weye unabaki inje. Siku utakuwa na kazi ya beji, unitumie picha. Nitarudi.”

Tangu hapo, mtu akimuuliza mama wa nyumbani anarudi lini, Mwalimu alijibu lile jibu lake alipendalo. Tulicheka. Yeye pia alicheka, lakini alikuwa ndiye wa kwanza kuondoka, mikono nyuma.

Wanafunzi ndio waliomsukuma. Shirika moja la maji lilitangaza nafasi: mtunza ghala mmoja, na karani mmoja. Yaya aliweka dosye ya ukarani. Kisha yeye na wenzake wakamzunguka Mwalimu chini ya mabati yake.

“Mwalimu, safari hii na weye utaandika.”

“Minye? Nani atasimamia?”

“Batapata mwengine. Weye unajua kila kitu. Utapita ata macho ikiwa imefungwa.”

Alikataa, akakataa tena, halafu asubuhi moja nikamwona anapiga pasi suruali. Mama alikuja na kinu mwenyewe, bila kuombwa, akatwanga nusu siku ili jirani ajiandae. Na minye, ambaye simhurumii mtu kirahisi, nilimkasirisha mbuzi kwa moyo wangu wote. Niliitaka ile picha ya beji ifike Makobola.

Yaliyotokea ukumbini niliyapata kwa Yaya jioni, tukila bugali. Aliingia, akakaa, akatuangalia, akaanza kucheka, akashindwa kucheka, akaanza tena.

“Mumekula nini huko?” mama akauliza. “Sema! Amepita?”

“Ngojeni,” Yaya akasema. “Alikaa mbele kabisa. Akaanza kuandika. Mama, alikuwa anaandika kama mutu anaandika jina yake! Ukurasa wa kwanza, puu. Wa pili, puu. Minye bado niko kwa pembetatu ya kwanza. Nikasema leo mama wa Makobola anarudi.”

“Halafu?”

“Halafu nyuma yangu kijana mumoja akatoa karatasi mu soksi.”

Baba akaacha kutafuna. Alikuwa ameshaelewa.

Yaya akasimama kuonyesha. Karatasi ile ilifanya kelele kidogo tu, kama panya. Mwalimu aliinua kichwa. Biki, ile kalamu yake, ikalala chini yenyewe. Mikono ikaenda nyuma, kiganja ndani ya kiganja, na miguu ikamnyanyua. Akaupita mstari wa kwanza, akaja wa pili, akasimama kando ya yule kijana. Akapumua. Kijana akameza karatasi.

“Na musimamizi hakumurudisha?” baba akauliza.

“Musimamizi ni mwanafunzi yake wa mwaka jana! Alipomuona anapita, akasogea ampishe. Akasema, pole, Mwalimu!”

Na hapo, Yaya akasema, hakuna aliyeshangaa, ndio ubaya wake. Ukumbi mzima ulikuwa umezoea kumwona anatembea. Yeye mwenyewe alikuwa amezoea. Akaendelea na mstari wa tatu. Binti mmoja akainua mkono akaomba karatasi nyingine, naye akaenda kumletea. Mzee mmoja akauliza kama inaruhusiwa kufuta, akamwambia futa lakini usichane. Alifungua madirisha ya upande wa ziwa kwa sababu watu walikuwa wanatoka jasho. Kisha akaangalia saa ya ukutani, akasimama mbele, akasema kwa ile sauti yake: “Biki chini.”

Biki zote zikawa chini. Hata ya msimamizi.

Akakusanya karatasi, mstari kwa mstari, akazipanga kingo kwa kingo. Alipofika dawati la mbele aliikuta karatasi moja bila mtu. Kurasa mbili zimejaa vizuri sana, zilizobaki nyeupe. Akainama asome jina la huyo mzembe.

Nyumbani kwetu hakuna aliyecheka. Nilijaribu, haikutoka.

“Yule musimamizi alimuona,” Yaya akaendelea polepole. “Akamusogelea, akamwambia, Mwalimu, kaa, malizia. Dakika kumi tu. Hakuna mutu anaangalia.”

“Naye?”

“Akasema, ‘Minye niko naangalia.’ Akaiweka pamoja na zingine, akamupa yote. Akatoka.”

Mama alisukuma sahani. Alisema neno moja kwa Kifuliiru ambalo tunakatazwa kulitumia.

Matokeo yalibandikwa. Jina la Yaya lilikuwa la kwanza kwa ukarani, na ghala likapewa agronomu wa Bwegera. Walikwenda wote wawili kumshukuru Mwalimu, wakiwa wameficha beji ndani ya mashati, jambo ambalo sijaliona tena Uvira. Akawaambia watoe nje, plastiki haiogopi jua. Akazishika kwa vidole viwili kama kawaida yake. Siku chache baadaye mabati yalikuwa yamefungwa, milango imesimamishwa ukutani, na jirani akatuambia amepanda gari la Makobola na kibegi kimoja. Anakwenda kufanya nini huko bila beji? Mtaa mzima uliulizana. Sisi tuliofundishwa tulijua jibu sahihi, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kulisema.

Nimemwona tena mwaka huu. Kwaya yetu ya shule ilialikwa kuimba kwenye harusi Makobola, na kwa kuwa mimi huwekwa nyuma nifungue mdomo tu bila kutoa sauti, hakuna aliyegundua nimetoroka. Nilishuka mpaka ufukweni, mahali wanapoanika ndagala.

Walikuwa wametandazwa juu ya nyavu chakavu, mistari mirefu iliyonyooka, wanang'aa kama sarafu. Na katikati ya mistari, mikono nyuma na kichwa upande, alikuwa anatembea. Kunguru mmoja alitua pembeni. Akamwendea bila haraka, akasimama karibu naye, akapumua. Kunguru akafikiri kidogo, akaruka.

“Shikamoo, Mwalimu! Kuna aliyenakili?”

Aligeuka. Alikuwa amenenepa, jambo la kumchekesha kila anayemkumbuka. “Marahaba. Weye wa mbuzi! Bado hawajakufukuza shule?”

“Haijulikani.”

Akacheka mpaka kola ikatikisika. Aliniuliza habari za Yaya, nikamwambia amepandishwa cheo. Akaniuliza kama mama anatwanga bado. Nilikuwa na swali langu pia, lakini hilo nililipeleka kwa mke wake, aliyekuwa kivulini anachambua samaki wakubwa na wadogo.

“Mama,” nikasema, kwa adabu yote niliyonayo, ambayo si nyingi, “ulisema kazi ya beji. Huyu alikuja na shingo tupu. Ulimupokea namna gani?”

Alitupa samaki mmoja upande wa wakubwa. “Nani alikuambia nilimupokea? Nilimupa kunguru afukuze. Bado iko mu majaribio.”

“Ninasikia!” Mwalimu akasema kutoka mstari wa tatu.

“Sikia! Na kuku iko nyuma yako!”

Aligeuka, lakini kuku wa kijijini hajui mambo ya kupumuliwa. Alikuwa tayari na ndagala mdomoni anakimbilia mihogoni. Na hapo niliona kitu ambacho Kimanga yote isingeamini: ile mikono ikaachana, ikaenda mbele, na Mwalimu akakimbia. Alikimbia vibaya, magoti nje, kiatu kimoja kikabaki mchangani, anamtukana kuku kwa Kifaransa. Mama yule alicheka mpaka samaki wakamwagika kutoka mapajani mwake.

Alipoweza kupumua tena alifuta macho kwa pembe ya kitenge, akaniinamia.

“Usimuambie,” akasema kwa sauti ya chini. “Ile siku alishuka mu gari, akaniambia yote. Vile alisimama, vile alikusanya karatasi yake mwenyewe. Hakunificha kitu. Kontra yake ya kazi nilisaini pale pale.”

Kisha akanyoosha shingo, akaita kwa ile sauti yake ya kuita mitumbwi:

“Mwalimu! Wacha huyo, amekushinda! Kunguru, mustari wa mwisho!”